Kishikwambi Nilichokifuta

Mountain View, Jumapili alasiri

Nasimiyu, Mama,

Umetoka na mama yako kwenda Kangemi kunyolewa, kwa kuwa shule inayokungoja haitaki nywele ndefu, na nyumba imebaki na mimi peke yangu. Kesho asubuhi utapanda basi la Kitale, na sitakuona tena hadi siku ya wazazi kuwatembelea wanafunzi. Sitakuandikia habari za blanketi, ndoo, wala kufuli la akiba. Mama yako ameyapanga hayo yote kwenye karatasi moja, na yeye hutoa maagizo kwa sentensi fupi zinazotiiwa. Mimi nina jambo moja tu la kukuambia, na nimelikwepa kwa majuma matano. Nitalifikia. Nivumilie nianzie mbali; unajua kwamba baba yako hawezi kuomba chumvi mezani bila kueleza kwanza chumvi ilikotoka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa ulipozaliwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa usanifu majengo. Nilikupa jina la mama yangu mzazi. Ndiyo maana hadi leo nakuita Mama, na ndiyo maana kukukosea wewe hunielemea maradufu. Karibu na wakati huohuo vishikwambi vya kwanza vilianza kuonekana mikononi mwa watu hapa mjini. Wewe na kifaa hicho ni wa rika moja. Nimewatazama nyote wawili mkikua, na aibu yangu ni kwamba kwa muda mrefu nilimsoma mmoja wenu kwa makini kuliko mwingine.

Wa kwanza kukileta chumba chetu cha uchoraji chuoni alikuwa Mwaura, kijana wa Karen ambaye baba yake alikuwa akisafiri sana. Alikiweka juu ya ubao wangu wa kuchorea, juu kabisa ya ramani niliyokuwa nimeihangaikia siku mbili.

"Wafula, shika uone. Hii ndiyo kesho."

"Kesho gani haina kibodi?" nikamjibu. "Hiki ni kioo cha kuangalia sinema ukiwa umelala chali."

"Utakuja kukitaka, wewe."

"Siku nikikitaka, nipige picha uwaonyeshe wajukuu."

Darasa likacheka, na mimi, ambaye sikuwa na viatu vya pili wala mama wa kumwachia mtoto mchana, nikafurahi kwamba angalau nilikuwa na maneno. Hata hivyo, Mama, sikuwa nimekosea. Mwaka ule kishikwambi hakikufaa kwa kazi. Ukitaka kuchora, ulitumia kidole, au kijiti chenye ncha ya mpira nene kama kifutio. Ulivuta mstari, nao mstari ukakufuata kwa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Ukiegemeza kiganja, kioo kilidhani kiganja nacho kinachora. Nilitetea msimamo huo miaka sita mizima, hadi siku ya kuhitimu uliposhika joho langu kwa nyuma ili lisiburute vumbini. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kulivaa, na nilijiona mtu asiyeweza kufundishwa tena.

Nilifundishwa katika kiwanja kimoja huko Karen, mvua ikinyesha. Mwenye nyumba, mzee mwenye mashamba, alitaka dirisha la sebule lihamishwe, nami nilikuwa na michoro yangu kwapani, karatasi kubwa zilizokunjwa kama mikeka. Nilipozikunjua, wino ulikuwa umeanza kutembea. Pembeni yangu alisimama Achieng', msanifu wa mambo ya ndani, mdogo kwangu kwa miaka mitatu. Akatoa kishikwambi mkobani, akaupiga ukuta ule picha, kisha akachora dirisha jipya juu ya picha yenyewe, akalisogeza kushoto, akalipunguza, akaweka kivuli chake cha saa kumi alasiri.

"Hapo," mzee akasema. "Hapo sasa naona."

Msimamizi wa mafundi akanitazama mimi na zile karatasi zangu zinazodondoka maji. "Pole, injinia. Anika kwanza, tutaongea kukiwa na jua."

Kilichokuwa kimebadilika ni kalamu. Ilikuwa imejifunza kuhisi uzito wa mkono na mwinamo wake: bonyeza, mstari unenepe, ilaze, itoe kivuli kama penseli ya makaa. Toleo la kwanza la kalamu hiyo lilichajiwa kwa namna ya kuchekesha, likichomekwa kwenye kishikwambi na kubaki limetokeza nje kama mwiko uliosahauliwa sufuriani. Baadaye ikapata sumaku, ikawa inalala ubavuni mwa kifaa na kujichaji yenyewe. Kioo nacho kikaongezewa kasi ya kujichora upya, mstari ukaacha kuchelewa. Kisha kichakata chake kikawa na nguvu sawa na ya kompyuta kubwa za ofisini kwetu Kileleshwa, zile zinazonguruma kama friji. Unaona? Hata leo, nikiwa na jambo zito la kukuambia, nayakumbuka haya kwa utaratibu, tena kwa upendo. Mtu aliyebisha kwa miaka mingi kisha akaongoka huwa muumini wa kuchosha.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja niliponunua changu, kilichotumika, chenye mkwaruzo kwenye kona. Mchana kilikuwa cha kazi. Jioni, nikivua viatu tu, kilikuwa chako. Ulikaa kwenye kochi, magoti yakiwa ndiyo meza, na nyumba nzima ikasikia kalamu ikigonga kioo, tiki, tiki, tiki, hadi mama yako aite chakula. Kwa miaka minne sauti hiyo ilikuwa saa yetu ya ukutani. Sikujua kwamba naisikiliza. Tangu Desemba, ifikapo jioni, najikuta nimenyamaza katikati ya sentensi nikiisubiri, na mama yako ananiuliza nimepoteza nini.

Ulikuwa unachora hadithi ya bata mzinga. Nakumbuka alivyoanza: yule wa Mama Njeri, mwenye nyumba wetu, anayetembea uani kama diwani. Katika hadithi yako alihamia kwenye ngazi za jengo na kuanza kusikiliza kesi za wapangaji. Niliona kesi ya nguo za ghorofa ya kwanza zilizodondokewa na maji ya ghorofa ya tatu. Niliona bata mzinga amevaa miwani ya kusomea ya mama yako. Niliona picha moja ya ngazi, na hapo, badala ya kukaa kando yako na kuuliza kesi iliamuliwaje, nilifanya kazi yangu.

"Ngazi hizi hazikubali," nilikuambia. "Mistari yote inapaswa kukutana kwenye nukta moja kule mbali. Yako kila mmoja unakwenda kwao."

Hukuinua kichwa. "Si mimi ninayeziona hivyo, Baba. Ni bata mzinga."

Nililichukulia kuwa jibu la utukutu. Nimelifikiria sana majuma haya matano, na naona lilikuwa jibu la mtu anayeijua kazi yake. Mimi nimesoma vitabu vinavyojaza rafu mbili, vingine mara tatu, na ninaweza kukuambia kishikwambi kilipungua unene mwaka gani na kwa nini. Kitabu kilichokuwa kikiandikwa kwenye kochi langu nilikisoma kurasa nne.

Sasa nifike.

Miaka miwili iliyopita hifadhi ya mtandaoni ilijaa. Kifaa chote kilikuwa kwenye akaunti yangu, na nafasi ile ya bure ni ndogo. Nilikuwa na ramani za maghorofa ya Kileleshwa za kupeleka asubuhi, nazo zikagoma kupanda. Nikafungua orodha inayoonyesha kila programu inachukua nafasi kiasi gani, na ya kwanza kabisa, iliyozizidi ramani zangu zote, ilikuwa programu yako ya kuchorea. Nikaizimia uhifadhi. Kifaa kikaniuliza kama nina hakika, kikanionya kwamba nakala zilizokuwa mtandaoni zitaondolewa. Nikabofya ndiyo. Nilijiambia kwamba michoro yenyewe bado imo ndani ya kishikwambi, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba nitakuambia jioni, jambo ambalo sikulifanya. Ramani zangu zikapanda. Nikasahau.

Desemba, matokeo yako yalipokuja na ukapangiwa shule yenye mkondo wa sanaa uliouomba, nilitaka kukupa kitu kikubwa. Toleo jipya lilikuwa limetoka, jembamba kuliko daftari lako la Hisabati, lenye kioo cha matabaka mawili ya mwanga na kalamu unayoweza kuiminya na kuizungusha kama brashi. Duka moja mjini lilikuwa likipokea la zamani, ukiongeza. Nilisimama kaunta nikahakikisha ramani zangu zote ziko salama hadi ya mwisho. Kisha nikakifuta kile cha zamani. Sikufungua programu yako hata mara moja kuangalia.

Unakumbuka jioni ile, lakini unaikumbuka ukiwa upande mmoja wa mlango. Ngoja nikupe upande wa pili.

"Ni chepesi, Baba," ulisema ukikipima mkononi. Ukatabasamu, ukakiweka magotini. "Michoro yangu imeshaingia?"

"Inaingia. Kila kitu kiko mtandaoni."

Tukaketi tukiangalia. Ramani zangu zikashuka moja baada ya nyingine: maghorofa, nyumba ya Karen, hata mtaro wa maji taka. Ukafungua programu yako. Nyeupe.

"Baba, bata mzinga hayupo."

Nilikwenda chumbani nikisema nakwenda kuangalia mtandao. Nikafungua ile orodha, nikaiona swichi imezimwa, na nikakumbuka kila kitu: siku, saa, hata shati nililokuwa nimevaa. Kutoka kitandani hadi mlango wa sebule ni hatua sita. Katika hatua hizo sita nilikuwa nimekwisha kujenga hoja.

Nilikuambia kwamba programu za namna hiyo zina hitilafu, watengenezaji wake hawajali. Ukauliza kwa nini basi michoro yangu imerudi. Swali zuri, ningekuwa mwalimu ningekupa alama zote. Nikalikwepa.

"Yangu ni programu nyingine. Swali la msingi, Mama, ni hili: je, wewe uliwahi kuhakikisha kwamba yako inahifadhiwa? Miaka minne. Hata mara moja?"

"Sikujua natakiwa kuhakikisha."

"Basi hapo ndipo palipokuwa na pengo. Sikulaumu. Ni funzo tu."

Nilidhani utabisha, kwa kuwa umeurithi ulimi wangu, na naapa kwamba kama ungebisha kidogo tu ningesema ukweli.

"Sawa, Baba," ulisema, na ukakifunga kifuniko.

Nilishinda mjadala ule, Nasimiyu. Nimeshinda mijadala mingi maishani, mingine mbele ya watu waliosoma kunizidi, na hakuna niliyemshinda kikamilifu namna hiyo. Nilikuwa na ukweli wote peke yangu, nawe ulikuwa na imani kwa baba yako.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nilirudi kwenye lile duka, juu kwenye ghorofa ya pili, karibu na barabara ya Moi.

"Boss, hiyo ilishaenda," kijana wa kaunta akaniambia.

"Ilienda wapi?"

"Ilienda na mwenye kuinunua. Jana hiyohiyo."

"Kulikuwa na michoro ya mtoto wangu ndani."

Akaacha alichokuwa akifanya. "Lakini mzee, si uliifuta mbele yangu? Nikakuuliza umetoa kila kitu, ukaniambia unajua hii mambo kuliko mimi. Tena ukanifunza, ati ikifutwa ufunguo wa kusoma vilivyomo unatupwa, hata mwenye kuitengeneza hawezi kurudisha."

Nilikuwa nimemfundisha kweli, tena kwa fahari. Nilishuka ngazi nikatembea hadi Uhuru Highway bila kujua naelekea wapi.

Ningeendelea kunyamaza, lazima uujue na huo udhaifu. Kilichonifanya niandike ni mama yako. Alhamisi alikuwa akipiga pasi sare zako, akaniambia bila kugeuka:

"Nasimiyu ameniuliza kama mtu anaweza kubadilishiwa mkondo akifika tu shule."

"Abadilishiwe nini?"

"Atoke sanaa. Aende masomo ya jamii. Anasema yeye ni mtu wa kupoteza vitu, na kazi ya sanaa inataka mtu mwangalifu."

Ndipo nikamweleza yote, kama nilivyokueleza. Mama yako hakupaza sauti. Alimaliza kwanza sketi aliyokuwa nayo, akaitundika.

"Baba Nasimiyu, umempa mtoto mzigo wako abebe," akasema, "halafu ukaufunga kamba vizuri usimdondoke." Kisha akachukua sketi nyingine. "Mwambie kabla hajapanda basi. Mimi sitakusemea."

Kwa hiyo nakuambia, kwa sentensi fupi, kama angeandika yeye. Hukupoteza chochote. Hukuzembea. Nilizima uhifadhi mimi, nilifuta mimi, nikakudanganya mimi. Uliilinda kazi yako kwa njia pekee iliyokuwa mikononi mwako: uliifanya kila siku, na kukiacha kifaa kwa mtu uliyemwamini.

Sikuandikii ili ubaki kwenye sanaa. Ukifika kesho ukaona roho yako iko kwenye historia au jiografia, nenda. Nitakuletea vitabu na tutabishana kuhusu kila sura. Lakini usiende huko ukitegemea ushahidi nilioutunga katika hatua sita. Huo ulikuwa uongo, na mtu asiamue maisha yake juu ya uongo wa mtu mwingine, hata akiwa baba yake.

Kuhusu kile kifaa kipya, shule haikiruhusu, na hata ingekiruhusu nisingekulazimisha. Nitakichukua nikitumie ofisini. Huna deni nacho. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kila toleo jipya lazima lipokewe kwa shukrani, kwa kuwa lina kasi zaidi na limepungua uzito. Hilo ni kweli kuhusu vifaa. Nililivusha hadi kwako bila kufikiri: nilidhani kitu kipya mkononi mwako kingetosha kuwa baba kwako, na kwamba nimekufanyia makubwa kwa sababu nimebeba boksi zuri.

Juzi, ulipokuwa umelala mchana, nilijaribu kuchora juu yake zile ngazi kama bata mzinga alivyoziona. Nilitaka nikupe angalau picha moja kati ya zile nilizokunyima. Mistari yangu yote ilikimbilia kwenye nukta yake kule mbali, mmoja mmoja, kwa nidhamu. Nilifuta, nikaanza tena, nikafuta. Kalamu ile inahisi kila kitu, uzito, mwinamo, hata mzunguko wa vidole, na haikuona chochote cha kuhisi. Nilikukosa, Mama, nawe ulikuwa chumba cha pili.

Sijui ile kesi ya maji iliamuliwaje. Sijui kama ghorofa ya tatu waliomba radhi, au kama bata mzinga alichoka nao akarudi uani. Ni wewe peke yako unayejua duniani, na sikuombi uniambie. Haki ya kuuliza niliipoteza. Nataka tu ujue kwamba natamani kujua.

Wazazi wengi huziweka barua za namna hii chini ya nguo ndani ya sanduku, zikasomwe bwenini, mahali ambapo msomaji hana wa kumjibu. Nilifikiria kufanya hivyo. Kisha nikaona kwamba huo nao ni ujanja wa mjadala: kusema neno la mwisho na kufunga mlango. Nitakupa hii mkononi leo, mkirudi, kabla ya chakula cha jioni. Isome chumbani kwako au hapa sebuleni, upendavyo. Mimi nitakuwa mezani. Ukija kuuliza, nitajibu ulichouliza na kuishia hapo. Ukija kunigombeza, sitakukatiza wala kukurekebisha neno. Na usipokuja kabisa, kesho alfajiri nitakusindikiza hadi kwenye basi, nami nitakuwa kimya.

Baba yako,
Wafula